Matunzo ya Moto Nyumbani: Historia Fupi ya Akiba ya Kuni, Makaa na Mafuta Katika Pwani ya Waswahili

Kusudi la makala haya ni kueleza jambo lililoandikwa kidogo sana katika historia ya Waswahili, nalo ni jinsi moto wa nyumbani ulivyotunzwa na kuwekewa akiba. Historia ya pwani imejaa habari za wafalme, majahazi, biashara ya pembe na karafuu, misikiti ya mawe na makaburi ya nguzo. Jiko halikupata mwandishi wake. Lakini hapana mji wa pwani uliopata kukaa hata siku moja pasipo moto kuwashwa, na kila moto uliowashwa ulikuwa na gharama yake: ama miguu ya mtu aliyekwenda kukata kuni, ama fedha iliyotolewa kununua kuni za mikoko, gunia la makaa au kibaba cha mafuta.

Siku hizi maneno ya kubana matumizi ya nishati yasikika kila mahali. Watu huambiwa wafunike sufuria zao, waloweke maharagwe kabla ya kuyapika, wapunguze moto chungu kikisha kuchemka, wazime taa katika chumba kisicho na mtu. Mafundisho hayo ni mema. Ila mara nyingi hutolewa kana kwamba ni elimu mpya iliyoletwa kwa watu ambao tangu hapo walikuwa wakichoma kuni bila hesabu. Katika kurasa hizi nitajaribu kuonyesha kwamba sivyo. Pwani ilikuwa na elimu kamili ya kutunza moto, na elimu hiyo ilihifadhiwa mahali pawili: katika mikono ya wapishi na katika maneno ya lugha. Mikono imeanza kusahau, na maneno nayo yaanza kutoweka. Basi yafaa tuyaandike yangali yakisemwa.

Ushahidi nitakaoutumia ni wa namna tatu: kwanza maneno yenyewe, kwa kuwa neno halizaliwi pasipo jambo, pili desturi ambazo bado zaonekana katika majiko ya pwani, na tatu habari chache zenye tarehe, hasa za zama zilizo karibu nasi.

I. Kupata Moto

Mtu wa leo, mwenye kiberiti mfukoni, hawezi kuona upesi kwa nini moto ulikuwa kitu cha kutunzwa. Katika zama za kabla ya kiberiti, moto ulipatikana kwa kupekecha. Kijiti kigumu kilichopekechwa kwa viganja vya mikono kiliitwa ulindi, na kipande cha mti laini kilichotobolewa tundu na kulazwa chini kiliitwa uwimbombo. Kazi hiyo ilihitaji nguvu na subira, na wakati wa masika, vitu vyote vikiwa na unyevu, ilikuwa taabu kubwa. Maneno haya mawili yamo katika kamusi zetu, lakini nadhani ni wachache waliozaliwa baada ya Uhuru ambao wamepata kuyasikia yakitumika jikoni.

Kwa sababu ya taabu hiyo, desturi ilikuwa kutopekecha moto mpya maadamu moto wa zamani ungalipo. Nyumba iliyozimikiwa ilituma mtoto kwa jirani akiwa na kigae mkononi, ili apae moto. Kitenzi hiki kupaa si kile cha kwenda juu, wala si kile cha kuondoa magamba ya samaki. Maana yake ni kuchukua kaa la moto kutoka mekoni na kulipeleka mahali pengine. Kuwa na kitenzi maalumu kwa tendo dogo kama hili ni dalili kwamba tendo lenyewe lilikuwa la kila siku. Moto uliowashwa katika nyumba moja ulifaa nyumba za jirani pia, na kaa moja lilitosha kuanzisha mlo wa jamaa nzima.

Kiberiti kilipoingia, jina lake lilitoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya manjano yanayowaka, nayo ni salfa. Kikaondoa taabu ya kupekecha, na pamoja na taabu kikaondoa haja ya kutunza kaa usiku kucha. Tangu hapo moto ukaweza kuzimwa na kuwashwa kwa hiari ya mtu. Hii ilikuwa nafuu kubwa. Lakini ndipo pia ulipoanza ulegevu wa kwanza katika elimu tunayoizungumza.

II. Mafiga na Kuni

Neno jiko ni la asili ya Kibantu, na wingi wake wa kale ni meko, kama vile jino na meno. Majiko ni wingi wa baadaye. Wakikuyu husema riiko kwa maana hiyohiyo ya mahali pa moto. Kadhalika neno figa, ambalo kwa lahaja nyingine husemwa jifya, lina ndugu zake barani: kwa Kikuyu ihiga ni jiwe, na mahiga ni mawe, kwa Luganda essiga ni jiwe la kuinjikia chungu, na wingi wake ni amasiga, neno ambalo Waganda wamelitumia pia kwa tawi la ukoo. Haya yatosha kuonyesha kwamba mawe matatu ya jiko si jambo lililozaliwa pwani, bali ni urithi wa kale wa Wabantu, na kwamba katika mawe hayo watu waliona mfano wa umoja wa jamaa. Nasi tuna methali isemayo kwamba jifya moja haliinjiki chungu.

Jiko la mafiga limetukanwa sana katika vitabu vya karne ya 20. Ilisemwa kwamba hupoteza karibu joto lote hewani, na kwamba moshi wake ndio alama ya ujinga wa mpishi. Miaka ya 1980, wataalamu walipoanza kulipima kwa uangalifu, waliona kwamba hukumu hiyo ilizidi kiasi. Mafiga yakiwa mahali pasipo upepo, kuni zikiwa kavu, na mtunzaji akiwa mwangalifu, nafuu yake ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Tofauti kati ya jiko lililotunzwa na lililoachwa ilikuwa kubwa hata ikaweza kushinda tofauti baina ya jiko moja na jingine. Hili ni jambo la kuzingatiwa: chombo ni nusu ya habari, na nusu ya pili ni mkono wa mtumiaji.

Sasa tutazame mkono huo ulifanya nini. Kwanza kuni zilichanjwa na kuanikwa, au zilipangwa juu ya dari ya jikoni zikaushwe na moshi wa moto uleule. Kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake, nayo sehemu hiyo haifiki chunguni. Pili, moto ulikokwa, yaani vijinga vilipangwa vichwa kwa vichwa katikati ya mafiga. Kinga kimoja kilichotengwa na vingine huzimika upesi na kutoa moshi. Vikikutana, kila kimoja hukipa kingine joto. Ndiyo asili ya methali isemayo: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wengi leo huifundisha kuwa ni methali ya ushirikiano, nayo ni kweli; lakini kwanza ilikuwa kanuni ya jikoni.

Tatu ni kuchochea. Kitenzi hiki kimepata maana mbaya katika siasa na katika sheria, hata tukisikia mchochezi tunafikiri juu ya fitina. Jikoni kuchochea ni kuvisukuma vijinga ndani kidogo kidogo kwa kadiri vinavyoungua, ili ncha zinazowaka ziwe daima chini ya chungu. Mpishi mzuri alichochea kidogo, akatazama, akachochea tena. Mpishi mvivu alitia kuni nyingi kwa mara moja, akaenda zake. Moto ukapanda pande zote za chungu na kupotea hewani. Na chungu kikisha kutokota, aliyejua kazi yake alivuta kinga kimoja nje. Elimu ya leo yamwunga mkono, kwa kuwa maji yanayochemka katika chungu cha kawaida hayazidi kuwa moto hata yakiongezewa kuni. Yanachozidisha ni mvuke tu.

Nne ni kufunika. Vyungu vya udongo vilikuwa na vifuniko vyake, na katika pwani kifuniko cha udongo kiliitwa kibia au mkungu. Chungu chenyewe hukawia kupata moto, lakini kikisha kuupata hukawia pia kuuachilia, hata mchuzi huendelea kuiva baada ya kuipuliwa. Sufuria, ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu la shaba, huchemka upesi na kupoa upesi. Ilipochukua mahali pa chungu, muda wa kuchemsha ulipungua, lakini kifuniko kikawa na haja zaidi, na moto mdogo wa kumalizia ukawa hauna budi kubaki. Tano ni kuloweka. Kunde, choroko na maharagwe hulala majini usiku, na asubuhi huiva kwa moto mchache kuliko zikiinjikwa kavu.

Lakini desturi iliyo bora katika zote, na ambayo ni fahari ya wapishi wa pwani, ni kupalia. Wali ukiwa umenywa maji yake au tui lake, mpishi hapunguzi moto tu, bali huondoa moto ulio chini, akachukua makaa yaliyokwisha kuungua nusu na kuyatandaza juu ya kifuniko. Wali hukaushwa kwa joto la juu na la chini pamoja, wala hauungui. Yaonekana kitenzi hiki kimetokana na kile kupaa tulichokwisha kukitaja, kwa maana ya kupaa moto kwa ajili ya kitu. Wala hakihusiani na kupalia magugu shambani. Tuangalie akiba iliyomo. Hapana kuni hata moja mpya inayotiwa. Kazi ya mwisho ya mapishi yafanywa na makaa ambayo, kama si hivyo, yangeachwa yafe bure kati ya mafiga.

III. Baada ya Kuipua

Chungu kikisha kuipuliwa, moto ulikuwa bado una kazi. Katika jivu la moto mpishi alivumbika muhogo au viazi vya watoto. Kaa mbili tatu zilipaliwa katika chetezo kwa ajili ya ubani na udi, na nyumba ikafukizwa. Ilipokuja pasi ya makaa, nayo ilijazwa makaa yaliyobaki katika mapishi. Maji ya kuoga yaliinjikwa juu ya mafiga yaliyokuwa bado na joto. Basi moto mmoja ulipanda na kushuka kwa utaratibu: mwanzoni, ukiwa mkali, ulipewa chungu kizito, katikati ulipewa wali, na mwishoni, ukiwa makaa tu, ulipewa kazi ndogo ndogo zisizohitaji mwako.

Makaa yaliyosalia yalizimwa kwa maji au kwa kufunikwa, yakawekwa kwa siku ya pili. Haya ndiyo makaa ya zimwe. Ni neno fupi lililo zuri sana, kwa kuwa halisemi kwamba makaa yamezimika yenyewe, bali kwamba yamezimwa na mtu kwa kusudi. Siku ya pili makaa ya zimwe hushika moto upesi kuliko kuni, na hutumika kuwashia.

Palipohitajiwa moto wa kulala hadi asubuhi, kinga kikubwa kilifukiwa kwa jivu, au makumbi ya nazi yaliwekwa mekoni. Kumbi haliwaki kwa miali. Huungua pole pole ndani kwa ndani kwa muda mrefu. Kifuu ni kinyume chake: huwaka kwa nguvu na kwisha upesi, nacho kilifaa kuanzishia moto, pamoja na makarara yaliyokauka. Mnazi mmoja, basi, ulimpa mpishi moto wa namna mbalimbali, naye alijua upi ni wa kazi ipi. Mwisho wa yote lilibaki jivu, nalo halikutupwa. Lilisugulia vyombo au lilitiwa shambani.

Wala tusidhani kwamba haya yalifanywa kwa sababu ya umaskini peke yake. Hata katika nyumba za watu wenye nafasi, wali ulipaliwa na chetezo kilipata makaa yake kutoka mekoni. Ilikuwa ni adabu ya kazi, kama ilivyo adabu kwa seremala kutopoteza mbao.

IV. Makaa, Bati na Udongo

Matumizi ya makaa si mageni pwani. Seredani, yaani chombo cha kuwekea makaa ya kupikia au kuotea moto, yatajwa katika kamusi za zamani. Lakini makaa yakuwa moto mkuu wa miji katika karne ya 20, miji ilipokua na watu wengi kukaa katika vyumba vya kupanga pasipo ua wa kuwekea kuni wala dari ya kukaushia. Makaa ni mepesi kuchukua, hayatoi moshi mwingi, na huwekeka. Mafundi wa bati walitengeneza majiko kwa mabati na madebe ya zamani, na husimuliwa nchini Kenya kwamba umbo la jiko hilo lililetwa na Wahindi katika zama za kujengwa kwa reli, iliyoanzwa mwaka 1896.

Jiko la bati lilikuwa rahisi, lakini lilikuwa na kasoro moja kubwa: kuta zake zilikuwa nyembamba, na joto lilitoka pembeni kama linavyokwenda juu. Na kwa kuwa makaa hayachochewi kama kuni, mtunzaji hakuwa na kinga cha kuvuta nje. Alichoweza kukifanya ni kufunga kijilango cha hewa na kupunguza makaa kwa mkono. Hapa ndipo ilipohitajiwa elimu ya namna nyingine.

Na gharama ya makaa haionekani jikoni. Katika tanuri la udongo la kienyeji, mara nyingi huhesabiwa kwamba mti wa uzito wa kilo 8 hadi 10, au hata zaidi, hutoa makaa kilo 1 tu. Kilo ya makaa ina joto kama mara mbili ya kilo ya kuni kavu. Kwa hiyo sehemu iliyo kubwa ya joto la mti imekwisha kupotea msituni kabla gunia halijafika mjini. Maana yake ni kwamba kila konzi ya makaa inayookolewa katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa ni kuni za uzito ulio mkubwa zaidi zinazoachwa zimesimama. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2009, ilikadiria kwamba Tanzania hutumia yapata tani milioni moja za makaa kwa mwaka. Mbele ya hesabu hiyo, desturi ndogo ya kuzima makaa yaliyosalia si jambo dogo tena.

Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, wataalamu wa ulimwengu walianza kutazama pia moto wa watu wasio na mafuta. Mwaka 1975 Erik Eckholm aliandika juu ya kuni na kuziita shida ya pili ya nishati. Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya nishati mpya na zinazojirudisha. Katika miaka hiyo wataalamu walitazama jiko la ndoo la Wathai, lenye udongo ndani na bati nje, na kuanzia mwaka 1982 mafundi wa Kenya, miongoni mwao wale wa Shauri Moyo, walilibadili likafanana na kazi ya hapa. Likawa jembamba katikati na pana juu na chini; udongo ukawekwa katika nusu ya juu panapokaa makaa; na bati likabaki kuwa kazi ya mafundi walewale wa zamani. Jiko hilo lilipimwa likaonekana kupunguza makaa kwa theluthi moja hadi nusu likilinganishwa na lile la bati tupu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba majiko yapatayo 700,000 ya namna hiyo yalikuwa yakitumika Kenya, nayo yakaenea Tanzania, Uganda na nchi nyingine.

Kwa nini jiko hili lilikubaliwa, na majiko mengine mengi ya miaka hiyo yakakataliwa? Yametolewa majibu ya bei na ya biashara, nayo ni ya kweli. Lakini nadhani lipo jibu jingine. Jiko hili halikumtaka mpishi aache kazi aliyoijua. Makaa yake hupaliwa, huzimwa, hutiwa chetezoni. Kijilango chake hufungwa chungu kikisha kutokota, jambo ambalo ndilo lile la kuvuta kinga nje. Na udongo wake ni udongo wa chungu uliorudi jikoni kwa mlango mwingine. Majina ya majiko ya zama hizo nayo yasema: moja la kuni liliitwa Kuni Mbili, na jina lenyewe likawa fundisho kwa mtumiaji juu ya kiasi cha kutia.

V. Taa na Umeme

Habari za mwanga zafanana na za moto, nami nitazieleza kwa ufupi. Taa za zamani zilitumia mafuta ya nazi au ya ufuta, na utambi wake ulikuwa uzi wa pamba au kipande cha nguo. Akiba ya mafuta ilikuwa katika utambi: ulipotolewa mrefu taa ilifuka moshi, na ulipofupishwa iliwaka kwa mwali safi. Mafuta ya taa yalipoletwa na wafanyabiashara wa nje katika karne ya 19, pamoja nayo zilikuja kandili zenye kioo na gurudumu dogo la kupandishia utambi. Kibatari, ambacho kwingine huitwa koroboi, kilikuwa taa ya wasioweza kununua kandili. Usiku, watu wakisha kula, utambi uliteremshwa hadi ukawa kama punje, nao ukaachwa hivyo hadi alfajiri.

Umeme hauna utambi. Ama unawaka, ama umezimwa. Wala jicho halioni kinachopungua. Hii ndiyo sababu nionayo mimi kwamba desturi za akiba zilikatika zaidi hapa kuliko penginepo. Hesabu ilikuja mwisho wa mwezi katika karatasi, wakati ambapo hapana awezaye kukumbuka ni taa ipi iliyoachwa. Mita za malipo ya kabla, ambazo Tanzania zilianza kutumiwa miaka ya 1990 kwa jina la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, zilirudisha sehemu ya hesabu hiyo nyumbani. Mwenye nyumba hununua uniti kidogo kidogo, kama anunuavyo makaa kwa kopo, naye huona zinavyopungua. Jicho limepata tena kitu cha kutazama.

Mfano wa Unguja wafaa kukumbukwa. Tangu mwaka 1980 kisiwa hicho kimepata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Tarehe 10 Desemba 2009 ulikatika tena, nao haukurejea hadi Machi 2010. Katika miezi hiyo mitatu wenye uwezo walinunua mitambo ya mafuta, na wengine walirudi katika makaa, kandili na ndoo za maji. Waya mpya ulianza kazi mwaka 2013. Tukio hilo lilikuwa hasara kubwa kwa kisiwa, wala hapana wa kulisifu. Lakini latufundisha kwamba elimu ya zamani si kitu cha makumbusho. Ni kitu ambacho jamaa yaweza kukihitaji kesho asubuhi.

VI. Hali ya Maneno na Wajibu Wetu

Yapasa sasa niseme neno la tahadhari. Kusifu elimu ya moto wa zamani si kusifu moshi. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na walioumia zaidi ni wanawake na watoto waliokaa karibu na jiko. Kazi yote niliyoieleza, ya kukata, kuchanja, kuchochea na kupalia, ilikuwa mabegani mwa wanawake, na katika zama za utumwa ilikuwa mabegani mwa watumwa. Wao ndio waliokuwa wanavyuoni wa elimu hii, wala majina yao hayakuandikwa. Serikali ya Tanzania, katika mpango uliozinduliwa Mei 2024, imekusudia kwamba asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kusudi hilo ni jema. Swali langu ni la lugha: mapishi yakihamia katika gesi na umeme, elimu ya kutunza moto itahamia kwa maneno gani?

Maneno mengi niliyoyataja yamekwisha kuhama kutoka jikoni na kwenda katika mafumbo. Kuchochea kumekuwa fitina. Kupalia moto kumekuwa kuzidisha ugomvi. Jiko limekuwa mke. Naona kwamba katika safari hiyo lugha imechukua zaidi upande wa kuongeza, ikauacha upande wa kutunza: kuchochea kwa mafumbo ni kuwasha tu, wala si kutazama na kupima. Maneno ya upande wa pili, kama zimwe na kupaa moto, hayakupata mafumbo ya kuyabeba. Kwa hiyo yakitoka jikoni yatoka kabisa.

Neno nishati lenyewe ni la Kiarabu, na asili yake ni uchangamfu na nguvu ya kutenda. Limekubaliwa, nalo lafaa darasani na serikalini. Lakini mama anayefundishwa namna ya kupunguza gesi chini ya sufuria ataelewa upesi zaidi akiambiwa avute kinga kimoja nje. Anayefundishwa kupika kwa kapu lililojazwa nguo au majani makavu, ambamo chungu kilichochemka huendelea kuiva pasipo moto, ataona ni ndugu wa kupalia. Anayeambiwa azime pasi ya umeme dakika chache kabla ya kumaliza, atumie joto lililobaki, amekwisha kufanya hivyo kwa chetezo. Maneno ya kale si pambo la mafundisho haya. Ndiyo njia iliyo fupi ya kuyafikisha.

Basi kazi iliyo mbele yetu ni nyepesi kwa gharama, nzito kwa haraka. Yafaa wanafunzi wa lugha, wanapokwenda Pemba, Lamu, Mafia, Kilwa, Tanga na Ngazija kukusanya hadithi na nyimbo, waingie jikoni pia, wakiwa na heshima na subira, wawaulize mabibi majina ya sehemu za moto, ya kuni, ya jivu na ya kila tendo la mkono katika mapishi, na waandike kila neno pamoja na kazi yake, si maana yake peke yake. Kamusi husema kwamba kupalia ni kuweka makaa juu ya kifuniko. Bibi aliyepalia wali kwa miaka hamsini ataongeza ni makaa mangapi, ya mti gani, na kwa muda gani. Hiyo ndiyo sehemu ya historia ambayo haimo katika kitabu chochote, na ambayo mwenye nayo hatatungoja.